Umbo na uwazi: majibu kwa wanaochora watu

*Nimechora mama amejitwika ndoo, nikampaka wino mweusi mwili mzima. Kila anayemwona anasema ni kisiki. Nimekosea wapi?*

Mkono umegandana na kichwa. Ukishaondoa sura, mikunjo na rangi, mtu anatambulika kwa ukingo wa umbo na kwa uwazi unaopenya ndani yake. Kiwiko kitoke nje, ili kati ya mkono, kichwa na bega ipatikane pembetatu nyeupe. Chora pembetatu hiyo kwanza, kama kitu chenye mwili wake, ndipo uuzungushie mkono. Kwenye karatasi ya A4 isipungue milimita 4 kwa upana. Wino ukisambaa itaziba. Kisha bandika mchoro ukutani, rudi nyuma hatua tano, fumba macho nusu. Pembetatu ikipotea, ipanue, usiongeze mistari. Tazama wanawake wa karatasi ya buluu aliowakata msanii Mfaransa Henri Matisse mwaka 1952: paja na tumbo vimetengwa na ufa mweupe tu, na jicho linaelewa mara moja.

*Nikikata stensili, yaani karatasi yenye matundu ya kupitishia rangi, kile kipande cha kwapani kinadondoka.*

Lazima kidondoke, kimezungukwa na tundu pande zote. Kiachie madaraja mawili, yaani vijiukanda vyembamba vya kukishikilia kwenye karatasi. Likiwa moja, kipande kitayumba brashi ikipita na rangi itaingia chini. Kwa manila, daraja la milimita 3 hadi 4 linatosha. Liweke pale mwili unapojikunja wenyewe, yaani kwenye kiwiko, kiunoni au kwenye pindo la kanga, nalo litasomeka kama mkunjo. Katikati ya paja litaonekana kama jeraha.

*Kichwa kiguse ukingo wa karatasi?*

Hapana. Ama acha nafasi ya vidole viwili, ama kikate kabisa. Kikigusa tu, jicho linanasa hapohapo.

*Matundu ya kinyago cha shetani hupangwa, au hutokea tu?*

Mchongaji hupanga, ila gogo nalo lina kauli. Mtindo huu wa Kimakonde, unaohusishwa na mchongaji Samaki Likankoa tangu miaka ya 1950, huchongwa kwenye mpingo, na mpingo mara nyingi umepinda na una nyufa. Penye ufa ndipo pazuri pa kutoboa. Kiungo chembamba kifuate nyuzi za mti, kwani kikizikatiza kitavunjika. Toboa kutoka pande zote mbili, mkutano uwe katikati, maana patasi ikitokea upande wa pili hubandua ukingo, na ukingo wa tundu ndio mchoro wenyewe.