Stoo Imejaa na Desemba Wageni Wanakuja

SWALI: Ninaishi Pasua, Moshi, pamoja na mume wangu na watoto watatu. Mama mkwe alifariki miaka miwili iliyopita, na viroba vya nguo zake pamoja na masanduku yake mawili vililetwa kwetu, vikawekwa stoo juu ya makorokoro yetu wenyewe: madumu, viti vilivyovunjika, madaftari ya watoto na vyombo vya zawadi za harusi. Kila Jumamosi ninatoa vitu vyote uani nikikusudia kumaliza, lakini jioni ninavirudisha vilevile huku machozi yakinitoka kwa uchovu. Desemba ndugu za mume wangu watakuja kutoka Dar es Salaam, nami ninaona aibu. Nianzie wapi?

JIBU: Pole sana, mama. Usijiite mvivu, kwa maana mvivu hatoi stoo nzima uani kila wiki. Kubeba unakuweza, kinachokuelemea ni kuamua. Kila kitu unachokishika kinakutaka useme kama kitabaki, kitatoka au atapewa nani, na ukijitwisha mamia ya maamuzi hayo kwa siku moja, ikifika saa tisa alasiri akili imechoka na mikono inarudisha kila kitu ndani bila kuamua lolote.

Kwa hiyo ninakuomba ufunge mlango wa stoo kwa sasa. Anzia jikoni, kwenye rafu moja tu, kwa vitu visivyo na kumbukumbu ya mtu: vikopo visivyo na vifuniko, chupa za chai zisizotunza joto, sufuria iliyotoboka. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, nyumba zetu zimejaa pia mifuko mbadala, nayo huwa mingi kuliko safari za sokoni; bakiza michache iliyo imara. Jipe nusu saa, futa rafu, rudisha vinavyotumika, kisha uache. Usiguse rafu ya pili hata kama unajiona una nguvu, kwa sababu nguvu hiyo ndiyo inayokupeleka kumwaga kila kitu uani.

Kilichoamuliwa kutoka kitoke siku hiyohiyo. Vyuma chakavu na plastiki wapo wanaovinunua mitaani, na sare za shule zilizowabana wanao zinamfaa mtoto wa jirani. Nguo nzuri unaweza kujaribu kuwauzia wafanyabiashara wa mitumba wa soko la Memorial, ingawa mimi ningezigawa, kwa kuwa kiroba kinachosubiri bei nzuri ndicho kinachokaa mlangoni hadi mwaka mwingine.

Karatasi zishughulikie peke yake, ukiwa umekaa mezani. Vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya shule, kadi za kliniki na hati za kiwanja viwe katika kasha moja lenye mfuniko, mahali pa juu, mbali na mchwa na unyevu wa masika. Risiti unayotaka kuitunza itolee nakala, kwa sababu maandishi ya risiti nyingi za mashine hufifia. Dawa zilizopita muda usizigawe wala kuzitupa zinapofikiwa na watoto. Muulize mfamasia namna ya kuziteketeza.

Sasa nije kwenye viroba vya mama mkwe, maana ninaamini ndivyo vinavyokurudisha nyuma kila Jumamosi. Umekuwa ukijaribu kuamua peke yako juu ya vitu ambavyo si vyako peke yako. Ukitoa kitenge kimoja bila wifi zako kujua, huenda kikawa ndicho ambacho mmoja wao alikuwa akikikumbuka, na lawama hiyo itadumu kuliko vumbi la stoo. Hao wageni unaowaonea aibu ndio wenye maamuzi pamoja na mume wako. Mwombe mume wako awapigie simu mapema, awaambie kwamba vitu vya mama vipo na vimetunzwa, na kwamba watakapokuja mtakaa pamoja kuvifungua na kugawana. Jambo hilo likitoka kinywani mwake, hakuna atakayesema kwamba mkamwana anataka kufuta kumbukumbu ya mama yao.

Hadi hapo, kazi yako ni kuvitunza tu. Siku ya jua, mume wako akiwepo, zitoeni nguo zipate hewa, mzikunje, kisha mviweke viroba juu ya ubao uliolazwa kwenye matofali ili visiguse sakafu. Masanduku yafunguliwe mbele ya ndugu wote, hasa kama mnadhani yana karatasi za kihamba, yaani shamba la ukoo. Kila mmoja akichagua kitu cha kumkumbukia mama, mtakubaliana nyote kuhusu vinavyobaki, na uamuzi huo hautakuwa mzigo wako.

Vyombo vya harusi havihitaji kuamuliwa sana: vioshe, uandae navyo chakula cha Krismasi, na vile ambavyo hata siku hiyo havikupata kazi wape wifi zako warudi navyo.

Jumamosi hii, basi, stoo ibaki imefungwa. Chukua rafu ya vikopo, na kila kisicho na mfuniko wake kitoke kabla ya chakula cha mchana.