Usifunge gesi kabla tanuri halijapoa

Ijumaa moja, nikisoma shahada ya uzamili Uingereza, nilifunga haidrojeni wakati tanuri la maabara lingali nyuzi 600 za Selsiasi. Vipimo vilikuwa vimekwisha, mtungi ulikaribia kuisha, nami nilikuwa nawahi treni. Jumatatu nilipoipasha moto tena seli yangu ya fueli ya oksidi mango, yaani kifaa cha kauri kinachotoa umeme kutokana na haidrojeni na oksijeni ya hewa kikiwa moto sana, volti bila mzigo (zinazopimwa kabla umeme haujatumika), ambazo wiki nzima zilikuwa 1.1, ziliishia 0.8. Nilipoitoa nikakuta ufa mwembamba kama unywele, kutoka ukingo hadi ukingo. Miezi miwili ya kazi ilipotea hapo.

Anayeanza kazi hii huambiwa kwanza apandishe joto polepole. Ni kweli. Seli bapa siipandishi zaidi ya nyuzi 2 kwa dakika, na kuishusha ni vivyo hivyo: kutoka 800 ni zaidi ya saa sita. Chungu kilichotoka jikoni ukikitua kwenye sakafu yenye maji, kitapasuka tu. Upande mmoja umesinyaa na mwingine bado.

Lakini seli yangu haikuuawa na kasi. Seli nyingi za aina hii hubebwa na anodi, yaani upande wa haidrojeni, iliyo nene na ya nikeli na zirkonia (aina ya kauri), na juu yake hutandazwa elektroliti, tabaka la zirkonia linalopitisha ioni za oksijeni, lenye unene wa mikroni (elfu za milimita) 10 hivi. Zikipoa, anodi husinyaa kuliko elektroliti, kwa hiyo elektroliti hubaki imebanwa. Kauri huvumilia sana kubanwa. Kuvutwa ndiko isikokuweza. Sasa gesi ikikatika seli ingali moto, hewa hupenya, nikeli hushika oksijeni na kugeuka oksidi yenye ujazo uliozidi kwa karibu asilimia 70. Anodi huvimba, na ile ngozi nyembamba iliyokuwa imebanwa huvutwa hadi ikapasuka.

Kwa hiyo acha mchanganyiko wa haidrojeni asilimia 5 ndani ya naitrojeni uendelee kupita mpaka chini ya nyuzi 300. Mtungi wa akiba uwepo kabla hujawasha tanuri. Vali ya gesi hiyo iwe ya aina inayofunguka yenyewe umeme ukikatika. Hili nalisisitiza zaidi ya yote kwa wenzangu wa maabara za nchini kwetu, ambako umeme hukatika.

Kila ukipasha upya, pima volti bila mzigo kwa joto na gesi zile zile, uandike. Zikishuka, kagua kwanza kioo kinachoziba kingo, maana mara nyingi ndicho hutangulia kupasuka.

Na usivutwe na hesabu ya saa ambazo seli imefanya kazi peke yake. Huko kwenye kituo cha utafiti cha Jülich, Ujerumani, seli zilifanya kazi kwenye nyuzi 700 kuanzia 2007 hadi 2019, kazi ninayoiheshimu mno, ila zilikaa kwenye joto tulivu. Mtambo wako ukizimwa kila usiku, uliza umestahimili kuwashwa na kuzimwa mara ngapi. Kwa matumizi hayo ningechagua mirija myembamba ya milimita chache, ambayo mtafiti Kevin Kendall na wenzake waliishughulikia Uingereza miaka ya 1990: joto huenea upesi mwili mzima, na kizibo hukaa kwenye ncha iliyo baridi.

Siku hizi, Ijumaa naanza kupoza saa mbili asubuhi.