Baada ya Greatest Hits ya Queen, Fuata Majina ya Watunzi

Watu wengi ninaowafahamu waliijua Queen, bendi ya roki ya Uingereza, kupitia mlango mmoja, nami nilipita hapo hapo: Greatest Hits, mkusanyiko wa nyimbo 17 uliotoka mwaka 1981. Mimi niliupata katika kaseti aliyoniletea mjomba wangu aliporudi safari, nikaisikiliza kwa karibu miaka mitatu hadi maandishi ya ubavuni yakafutika. Kaseti ile haina wimbo dhaifu hata mmoja, na ugumu unaanzia hapo, kwa sababu mtu aliyeuzoea mkusanyiko wa namna hiyo hutarajia kwamba albamu yoyote ya bendi atakayoishika itampa furaha ile ile. Haiwi hivyo. Kati ya mwaka 1973 na 1991, mwimbaji wao Freddie Mercury akiwa hai, Queen walitoa albamu 14 za studio, na zinatofautiana kiasi kwamba ukianza na isiyokufaa unaweza kuiacha bendi nzima ukidhani umekwisha kuimaliza.

Hilo lilinikaribia sana. Nilikuwa nimeusikia redioni wimbo "Under Pressure", ambao haumo katika kaseti yangu, nikaupenda mno, nikatafuta albamu iliyoubeba. Ni Hot Space ya mwaka 1982. Nilipofika nyumbani niligundua kwamba wimbo ule ndio wa mwisho katika albamu, kwamba waliurekodi pamoja na mwanamuziki David Bowie, na kwamba sehemu kubwa ya nyimbo zinazoutangulia ni muziki wa kuchezwa katika kumbi za disko, ambamo gitaa la Brian May limerudishwa nyuma sana. Sisemi kwamba ni albamu mbaya. Zipo siku ninaifungulia kwa hiari yangu. Lakini nilichokuwa nikikitafuta hakikuwamo, nikakaa muda mrefu bila kuisikiliza Queen tena. Umaarufu wa wimbo mmoja hauelezi chochote kuhusu nyimbo zinazoishi nao chini ya paa moja.

Kilichonirudisha ni karatasi ya ile kaseti ya kwanza. Siku moja niliikunjua nikasoma maandishi madogo yaliyo chini ya kila wimbo, yaani majina ya watunzi, nikachukua kalamu na kuhesabu. Katika nyimbo 17, kumi zilitungwa na Mercury, tano na May, mbili na mpiga besi John Deacon. Za mpiga dramu Roger Taylor hakukuwa na hata moja. Nilishangaa, kwa sababu siku zote nilikuwa nikidhani Queen ni sauti ya Freddie na watu watatu wanaomsindikiza, kumbe, kama albamu zao zilivyokuja kunionyesha, wote wanne walikuwa watunzi kamili, kila mmoja ana mkono wake, na nusu ya bendi nilikuwa sijaijua. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza asikilize albamu ipi baada ya mkusanyiko, nami humuuliza kwanza: katika zile 17, ni wimbo upi unaourudia, na nani aliuandika?

Katika kaseti ile, iliyokuwa toleo la Uingereza, kuna jambo la pili la kuhesabu, nalo ni albamu zilikotolewa nyimbo hizo. The Game ya mwaka 1980 ina nyimbo kumi, na nne kati yake zimo katika mkusanyiko. Ukiifanya kuwa albamu yako ya pili, utakuwa unakutana na jamaa unaowafahamu karibu nusu ya safari. Ni albamu nzuri, ndiyo ya kwanza ambayo waliitumia sinthesaiza, yaani kinanda cha kielektroniki, baada ya miaka ya kuandika kwa fahari kwenye majalada yao kwamba hawakuigusa, lakini inaweza kungoja. Queen II ya mwaka 1974 ina nyimbo 11, na mkusanyiko umechukua mmoja tu, "Seven Seas of Rhye". Nyimbo kumi nzima zimebaki hazijaguswa.

Kwa hiyo, ikiwa wimbo unaourudia ni wa Mercury, hasa "Bohemian Rhapsody" au "Killer Queen", nakushauri uanze na Queen II, ingawa wengi watakuelekeza moja kwa moja kwenye A Night at the Opera, yenye "Bohemian Rhapsody" yenyewe. Santuri yake haikugawanywa kwa upande wa kwanza na wa pili kama kawaida, bali kwa upande mweupe na upande mweusi. Mweupe una nyimbo nne za May na moja ya Taylor, na mweusi wote ni wa Mercury: nyimbo sita, nyingi zikishikana bila kukupa nafasi ya kupumua. "Ogre Battle" unaanza kwa sauti zilizogeuzwa kinyumenyume, vita vinapigwa, kisha unaingia wimbo uliotokana na mchoro wa Richard Dadd, kisha piano na sauti kwa muda mfupi, kisha "The March of the Black Queen", ambao kwa dakika sita na ushei unabadili mwendo mara nyingi kiasi kwamba usikilizaji wa mara ya kwanza hautoshi kuukamata. Aliyeandika "Bohemian Rhapsody" mwaka uliofuata alikuwa akijifunza kazi yake hapa, mbele ya masikio yako. Mimi niliusikiliza upande huo usiku, umeme umekatika, betri za redio zikikaribia kuisha, na sikuthubutu kuusimamisha kwa kuogopa kwamba hautawaka tena.

Kuna jambo moja dogo katika mwisho wa albamu hiyo ambalo ndilo lililonifundisha kusikiliza albamu kwa mfuatano. "Seven Seas of Rhye" unapomalizika, bendi inazimika polepole, na chini yake linasikika kundi la watu wakiimba wimbo wa zamani wa Waingereza kuhusu raha ya kukaa ufukweni. Katika kaseti yangu niliusikia mara mamia, nikadhani ni mzaha usio na maana. Siku niliyoweka Sheer Heart Attack, iliyotoka Novemba mwaka huo huo wa 1974, wimbo wa kwanza, "Brighton Rock", ulifunguka kwa kelele za uwanja wa michezo ya ufukweni, na ndani ya kelele hizo mtu alikuwa akipiga mbinja lahani ile ile. Albamu moja ilikuwa imekabidhi nyingine kijiti, na mkusanyiko ulikuwa umekata kamba hiyo katikati bila mimi kujua. Kwa sababu hiyo, anayeipenda Queen II namwomba asiruke. Aende Sheer Heart Attack, kisha A Night at the Opera ya mwaka 1975, kwa utaratibu huo.

Anayempenda May ana njia mbili. Kama unapenda gitaa zito, la "Now I'm Here", upande mweupe wa Queen II na Sheer Heart Attack vitakutosha kwa muda mrefu. Lakini kama unampenda May anayesimulia hadithi, A Night at the Opera ndiyo nyumba yake. Humo anaimba mwenyewe "'39", wimbo wa gitaa kavu kuhusu wasafiri wa anga wanaorudi na kukuta wakati umewapita, nao umeandikwa na mtu aliyekuwa amesomea fizikia ya nyota. Humo pia mna "The Prophet's Song", wenye zaidi ya dakika nane, na hapa naomba sana utumie hedifoni, tena nzuri kadiri uwezavyo. Katikati ya wimbo vyombo vyote vinanyamaza. Mercury anaimba neno moja, na neno hilo linarudi baada ya kitambo upande wa pili wa kichwa chako huku yeye akiwa tayari ameingia katika neno linalofuata, kisha marudio mengine yanaongezeka, hadi mtu mmoja anakuwa msikiti mzima wa sauti zinazojibizana. Hiyo ni kazi ya kanda za studio na mahesabu ya muda, hakuna kompyuta hapo. Kwa spika ya simu hutasikia chochote cha maana, utaona ni kelele tu, na utaipitia bila haki.

Deacon ndiye mtunzi ninayemwonea huruma zaidi, kwa sababu aliandika kidogo na hakuimba nyimbo zake mwenyewe, hivyo watu wengi wanazipenda bila kumjua. Zile mbili za mkusanyiko ni "You're My Best Friend" na "Another One Bites the Dust", na hazifanani hata kidogo: moja ni laini, ina kinanda cha umeme alichokipiga yeye mwenyewe, na nyingine imejengwa juu ya besi kavu inayotembea kama mtu mwenye hasira. Mpwa wangu aliniambia kwamba hizo ndizo anazozirudia, wala hakuwa amegundua kwamba zimetoka kwa mtu mmoja. Nikampa News of the World ya mwaka 1977, nikamwambia aziruke mbili za mwanzo, yaani "We Will Rock You" na "We Are the Champions", ambazo alizijua tangu akiwa mtoto. Alirudi baada ya siku chache akiuliza kwa nini "Spread Your Wings" haukuwekwa katika mkusanyiko. Ni wimbo wa Deacon kuhusu kijana anayefagia sakafu ya baa na kuota kuondoka, na katika mazungumzo yale mpwa wangu alimtaja huyo kijana kwa jina, kana kwamba ni mtu wa mtaani kwetu.

News of the World, kwa maoni yangu, ndiyo jibu salama kuliko zote kwa mtu asiyejua anampenda nani. Ina nyimbo 11, na kazi imegawanywa kwa usawa ambao albamu za kabla yake hazikuwa nao: May nne, Mercury tatu, Taylor mbili, Deacon mbili. Inamalizika kwa "My Melancholy Blues", ambao hauna gitaa kabisa, ni piano, besi na dramu tu, na Mercury akiimba kama mtu aliye katika chumba kidogo baada ya wageni wote kuondoka. Kwa Taylor pia ni pa kuanzia, kwani utamsikia akiwa mkali kweli kweli. Nyimbo zake zinazojulikana zaidi, kama "Radio Ga Ga" ya mwaka 1984, zilikuja baadaye.

Wapo wanaoniuliza swali jingine, hasa vijana wa Unguja na wanaotoka kuitembelea nyumba ya makumbusho ya Mercury iliyofunguliwa Shangani mwaka 2019: albamu ipi ina Zanzibar ndani yake? Mercury alizaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, na familia yake ilihamia Uingereza mwaka 1964, kwa hiyo swali ni la haki. Huwa nawataja "Mustapha", wimbo wa kwanza wa albamu ya Jazz ya mwaka 1978, ambao umechanganya maneno ya Kiarabu na mengine aliyoyabuni, na unaofunguka kwa mwito mrefu wa sauti tupu ambao mtoto yeyote wa pwani atasita kidogo akiusikia. Lakini siwashauri wainunue Jazz kwa ajili ya wimbo huo mmoja. Hilo lingekuwa kosa langu la Hot Space kwa sura nyingine. Waichague ikiwa wanaurudia "Don't Stop Me Now", nao wafahamu kwamba ni albamu inayorukaruka, isiyotulia mahali pamoja.

Za miaka ya themanini nitazipitia haraka. The Works ya mwaka 1984 ni nzuri kwa anayependa nyimbo fupi zenye kiitikio kinachoshika. A Kind of Magic ya 1986 ilijengwa kwa sehemu kubwa juu ya nyimbo za filamu, na inasikika hivyo. Flash Gordon ni muziki wa filamu moja kwa moja. Iache hadi uwe na kila kitu kingine. Kuanzia The Miracle ya mwaka 1989, waliamua kila wimbo uandikwe kwa jina la wote wanne, na hapo majina ya watunzi hayakusaidii tena. Lakini ukiwa umefuata njia niliyoieleza, masikio yako yatakuwa yamekwisha kujifunza kumtambua nani ni nani.

Kwa sababu hiyo hiyo naziweka mwisho albamu mbili ambazo wengi huzikimbilia kwa sababu ya msiba. Innuendo ilitoka Februari 1991, miezi tisa kabla Mercury hajafariki, na ndiyo kubwa kuliko zote za miaka yao ya mwisho. Wimbo unaoipa jina unarudi kwa ujasiri kwenye mabadiliko ya mwendo ya upande mweusi wa Queen II, na aliyekwisha kuupitia upande huo atausikia kama mtu anayerejea kwao. Made in Heaven ilikamilishwa na watatu waliobaki, ikatoka 1995. Humo mna "Mother Love", kazi ya mwisho ya sauti ambayo Mercury aliirekodi. Hakuwahi kuimba ubeti wa mwisho. Sauti yake inakoma, gitaa linapita, na ubeti uliobaki unaimbwa na mtu mwingine, kwa sauti nyembamba na ya unyonge, ile ile iliyosimulia habari za wasafiri wa anga miaka 20 kabla.