Keria ya baiskeli nne nyuma ya Prado: kilo 75 za chuma cha kuvutia trela zina maana gani?

Ndugu yangu uliyeuliza kuhusu Prado yako, umesema kwamba kibati kilicho kwenye chuma chako cha kuvutia trela kimeandikwa kilo 75, kwamba keria uliyonunua ina kilo 17 na baiskeli zako nne zina kilo 14 kila moja, na kwamba fundi wako amekataa kuifunga kwa safari ya Sipi, kule Kapchorwa mashariki mwa Uganda, ijapokuwa jumla ni kilo 73. Mimi naungana na fundi huyo, na nitaeleza kwa urefu, kwa sababu niliwahi kupiga hesabu kama hiyo yako na ikaniponza.

Kilo 75 hizo ni uzito ambao pua ya trela, yaani ncha yake ya mbele, inaruhusiwa kulikandamiza tufe, lile donge la mviringo lililo mwishoni mwa chuma cha kuvutia, kwenda chini. Kikombe cha trela hukaa juu ya tufe na kucheza kwa uhuru, hivyo tufe hubeba uzito bila kupindwa. Keria hulikamata tufe kwa nguvu, haichezi, na mzigo wake wote huning'inia nyuma yake. Shika ndoo ya maji kwa mkono ulionyooshwa mbele, kisha uiache ining'inie ubavuni: ndoo ni ile ile, ila bega linaijua tofauti.

Tuchukue vipimo vyako. Kwenye keria nyingi baiskeli ya kwanza hukaa kama sentimita 20 nyuma ya tufe, na kila inayofuata huongeza takriban sentimita 20 nyingine, kwa hiyo ya nne iko sentimita 80. Uzito wa keria yenyewe tuuweke katikati, sentimita 40. Ukizidisha kila uzito kwa umbali wake na kujumlisha, utaona ni sawa na kutundika kilo 35 mita moja kamili nyuma ya tufe. Hesabu haiishii hapo, maana tufe nalo limechomoza kutoka kwenye bolti zinazokishika chuma kwenye chasisi. Kwangu ni sentimita 30. Zikihesabiwa hizo, bolti zako zitakuwa zinapindwa kama vile kilo 57 zimetundikwa mita moja nyuma yake. Trela yenye pua ya kilo 75 ingezipinda kwa kilo 22 na nusu tu za namna hiyo. Hujavuka kilo zilizoandikwa, lakini unakipinda chuma mara mbili na nusu.

Na hapo gari limesimama. Gari likidumbukia shimoni au likiruka tuta, baiskeli huendelea kushuka wakati chasisi imeshaanza kupanda, na kwa nukta hiyo moja mzigo unaweza kuwa maradufu au zaidi. Kisha hurudi juu, hushuka tena, maelfu ya mara katika safari moja. Chuma hakivunjiki kwa pigo moja. Huchoka kwa kupindwa huku na huku, na uchovu huo huanzia mahali pembamba kuliko pote, mara nyingi ukingoni mwa mshono wa kuchomelea.

Nimeyaona haya kwa macho yangu. Prado yangu ilikuja kutoka Japani bila chuma cha kuvutia, nami nikachomelewa kimoja hapa Kampala. Kilivuta trela ndogo mwaka mzima bila tatizo lolote, nikakiamini. Kisha nikafunga keria yenye baiskeli tatu, tukaenda Kapchorwa kupitia Jinja, Iganga na Tirinyi, tukashinda siku mbili kwenye njia za murramu, zile za udongo mwekundu zisizo na lami, za vijijini. Tulipokuwa tukirudi, karibu na Mbale, nikaanza kusikia mlio kama wa kitanda cha zamani kila tulipopita tuta. Nikasimama, nikalala chini ya gari na tochi. Rangi nyeusi ilikuwa imepasuka kando ya mshono, mstari mwembamba kama unywele wenye urefu wa kidole gumba, na kutoka ndani yake ulikuwa umechuruzika unga wa kutu wa rangi ya matofali. Nilipomwambia mwenzangu ainue kidogo baiskeli ya mwisho, mstari ulifumba, alipoiachia, ulifumbuka. Sijasahau jinsi ulivyokuwa ukipumua. Nyuma yetu tangu asubuhi zilikuwa zikipita bodaboda zenye akina mama na watoto, na mpaka leo nikiwakumbuka moyo hunienda mbio. Baiskeli zilirudi Kampala kwa lori.

Simlaumu aliyechomelea, kwa sababu nilimwambia ni cha trela na hakuna aliyemtajia keria. Ndiyo maana nakusihi umweleze fundi wako kazi yote. Katwe, hapa Kampala, wapo mafundi wenye mikono mizuri sana, lakini wanahitaji kujua kwamba chuma kitapindwa kwenda nyuma, ili wakiunge kwenye reli zote mbili za chasisi kwa bamba refu na bolti zenye alama ya 8.8, yaani za chuma chenye nguvu zaidi, wasikishikize kwa mshono mmoja tu kwenye mhimili wa nyuma. Ikiwa shingo ya tufe ni ya alumini, usiifungie keria mpaka usome maelezo ya aliyeitengeneza keria, kwani wengine hukataza kabisa.

Gari lenyewe nalo huumia. Umbali kati ya ekseli za Prado yenye milango mitano, ya toleo la 120 au 150, ni mita 2.79. Kwangu tufe liko mita 1.25 nyuma ya ekseli ya nyuma, na kitovu cha mzigo wako kitakuwa karibu nusu mita zaidi. Kilo zako 73 zitaiongezea ekseli ya nyuma kama kilo 118, na kuipunguzia ya mbele kama kilo 45. Ongeza mizigo ya buti na abiria watatu wa nyuma, utaona springi zimelala, usukani umekuwa mwepesi na taa zinawamulika wenzako machoni.

Ningekuwa wewe, ningepeleka baiskeli mbili kwenye keria na mbili juu ya paa, au ndani zikiwa zimevuliwa magurudumu. Kwa mbili, ile namba ya kilo 57 kwenye bolti hushuka hadi karibu 29. Hata kuondoa ile ya nne peke yake hupunguza zaidi ya robo, ingawa uzito umepungua chini ya moja ya tano, kwa sababu ndiyo iliyo mbali kuliko zote. Baiskeli nzito ikae karibu na gari daima.

Jambo moja ambalo watu wengi hulisahau ni grisi. Tufe la trela hupakwa grisi, lakini keria inayolibana tufe hutegemea msuguano, hivyo lisafishe kwa petroli na kitambaa mpaka likauke kabisa, la sivyo keria itazunguka kwenye kona za kupanda Sipi. Mimi husimama baada ya kilomita 20 za kwanza kukaza upya, halafu tena kabla ya kuingia murramu. Namba ya gari na taa zisifunikwe, na tairi la baiskeli lisikae mbele ya ekzosi.

Kabla hujaamua, ingia chini ya gari na tochi, ufute matope kwenye mishono yote, kisha utuwekee hapa picha ya mahali chuma kinapokutana na chasisi, pande zote mbili, pamoja na vichwa vya bolti ili tusome alama zake.