Kuimbia watoto: kazi ya kupitishia muda au ya maisha?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanamuziki wa nyimbo za jadi, na mara nyingi hualikwa kuimbia watoto pamoja na wazazi wao. Wenzangu huniambia kwamba hiyo ni kazi ya kupitishia muda tu. Je, yupo mwanamuziki aliyeishi kwa kazi hiyo, na aliwezaje kuwafanya watoto wasichoke?

JIBU: Ndugu msomaji, yupo marehemu Ella Jenkins wa Marekani, aliyezaliwa St. Louis mwaka 1924, akakulia Chicago na kufariki dunia mwaka 2024 akiwa na umri wa miaka 100. Aliacha kazi ya kuendesha shughuli za vijana katika YWCA, chama cha wanawake wa Kikristo, ili aishi kwa muziki, na mwaka 1957 kampuni ya Folkways ya New York ikatoa santuri yake ya kwanza.

Siri yake ilikuwa mwito na kiitikio, mtindo alioupenda tangu alipomsikia mwimbaji wa jazi Cab Calloway akiimba na hadhira ikimjibu. Jenkins alitoa mstari mfupi, watoto wakaurudisha, akaubadilisha kidogo, nao wakamfuata. Kwa namna hiyo hata mtoto asiyejua wimbo huo aliingia tangu mwanzo, kwa kuwa alichotakiwa kukumbuka ni kile alichokisikia punde tu. Anayeimba hapati nafasi ya kuchoka kama anayekaa kusikiliza. (Wasomaji wetu watafurahi kujua kwamba santuri yake ya mwaka 1974 ina neno “Jambo” katika jina lake.)

Kuhusu riziki, wenzako wanasahau kwamba wasikilizaji wa muziki huu hawamaliziki: hawa wakikua, wengine wamekwisha zaliwa. Folkways ilikuwa na desturi ya kutoziondoa santuri zake sokoni, na Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya Marekani, ilipoichukua mwaka 1987 iliendeleza desturi hiyo, hivyo nyimbo za Jenkins ziliwafikia wajukuu wa wasikilizaji wake wa kwanza. Mwaka 2004 alipewa tuzo ya Grammy ya mafanikio ya maisha, ambayo wengi wanaoimbia watu wazima hawaipati kamwe. Hata hivyo hakustaafu, kwani alitoa albamu nyingine mwaka 2017, akiwa amekwisha kupita miaka 90.