Shule inataka niombe chuo nisichokitaka. Je, nakosea?

SWALI: Mwalimu, nakusalimu. Nilimaliza kidato cha nne hapa Kakamega na sasa naomba vyuo vya Marekani. Vitano navitaka kwa dhati. Mwalimu mkuu wangu ananihimiza niongeze cha sita, chenye jina kubwa, ili nikikubaliwa shule itundike bango langoni. Hata nikipata siendi, maana hakina uhandisi ninaoutaka. Je, nitakuwa nimemnyang'anya mtu nafasi?

JIBU: Mwanangu, usikiombe. Lakini sababu si hasa hiyo unayoihofia.

Vyuo vya Marekani hukubali wanafunzi wengi kuliko nafasi zilizopo, kwa kuwa vimezoea kwamba baadhi yao hawatafika. Fomu ya Common App yenyewe, ile moja ya mtandaoni inayotumiwa kuomba vyuo vingi, inakuruhusu kuomba hadi vyuo 20. Sisi tumezoea KUCCPS, taasisi ya Kenya ya kugawa nafasi za vyuo, inayompangia mtu nafasi moja, ndiyo maana kuomba vingi kunatutia wasiwasi. Anayeomba vitano akiwa bado hajui ataangukia wapi hajamdhulumu mtu. Wewe, kuhusu hicho cha sita, tayari unajua.

Penye kidonda ni ufadhili. Mwanafunzi wa kigeni asiye na karo hushindania fungu dogo. Ukikubaliwa Machi ukanyamaza hadi tarehe 1 Mei, siku ambayo vyuo vingi hutaka jibu, pesa zile zinakaa kwa jina lako huku mwenzako yuko kwenye orodha ya kungojea. Niliwahi kumwona msichana mmoja hapa Nakuru akija ofisini kwangu kila jioni kuazima simu, anafungua barua pepe, anairudisha bila neno. Alikuja hivyo hadi katikati ya Juni.

Halafu kuna ada ya maombi, ambayo kwa vyuo vingi ni kati ya dola 50 na 90. Wengi wenu huomba kusamehewa, na mwalimu hutia sahihi kuthibitisha kwamba nyumbani hakuna uwezo. Mimi nimezitia nyingi na huwa naziamini. Sitaki hata moja inunue bango.

Angalia sana mpango wa maombi ya mapema unaokufunga kwenda chuo kikikukubali (Early Decision). Mkataba wake hutiwa sahihi na wewe, mzazi na mshauri wa shule. Chuo hicho kikikukubali, unaondoa maombi mengine yote, vile vitano vyako vikiwemo. Kwa kawaida utaachiliwa tu ikiwa ufadhili hautoshi. Usiukaribie kwa chuo usichokitaka.

Kama ulishatuma, waandikie ofisi ya udahili barua pepe ya mistari miwili, uliondoe ombi. Na majibu ya vile vitano yakija, ukishachagua kimoja, vijulishe vingine wiki hiyo hiyo. Usingoje Mei.

Mwalimu mkuu mwambie kwa adabu: "Mwalimu, asante kwa kuniamini, ila chuo hicho hakina kozi ninayoitaka." Akishikilia, rudi kwake ukiwa na mzazi wako.