Seli nyeupe za damu hutofautianaje ilhali oganeli zake ni zile zile?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano mkoani Morogoro. Tumefundishwa kwamba seli ya mnyama ina kiini, mitokondria, ribosomu, laisosomu na Golgi, kisha tukafundishwa kwamba seli nyeupe za damu ni za aina tano. Ikiwa oganeli hizo, yaani sehemu ndogo za ndani ya seli zenye kazi maalumu, ni zile zile, tofauti hizo zinatoka wapi?

JIBU: Marahaba. Umeunganisha mada mbili ambazo wanafunzi wengi huzikariri kila moja peke yake. Tofauti hutokana na wingi wa kila oganeli, umbo lake na kile ilichobeba, kwa kuwa kila seli hujijenga kulingana na kazi yake.

Tazama neutrofili, ambayo kwa mtu mzima kwa kawaida ni zaidi ya nusu ya seli nyeupe zote. Kiini chake kimegawanyika katika vipande vitatu hadi vitano vilivyoshikanishwa kwa nyuzi nyembamba, na saitoplazimu yake (uteute unaozunguka kiini) imejaa chembechembe, ambazo baadhi ni za jamii ya laisosomu, yaani vifuko vya vimeng'enya. Ikishameza bakteria, chembechembe hizo huungana na kifuko kilichomfunika na kummiminia vimeng'enya vya kumsaga. Mitokondria zake, ambazo huzalisha nishati kwa kutumia oksijeni, ni chache, na nishati yake nyingi huipata kwa kuvunja glukosi bila oksijeni. Ndiyo maana huweza kupigana hata ndani ya jipu, ambamo oksijeni ni haba. Usaha unaouona ukitoka, kwa sehemu kubwa, ni neutrofili zilizokufa.

Limfosaiti B ni kinyume chake. Ikiwa imetulia, kiini hujaza karibu seli nzima, lakini ikishatambua adui na kuamshwa hugeuka kuwa seli ya plazima: retikulamu ya endoplazimu yenye ribosomu, inayotengeneza protini, hutanda, Golgi, inayozifungasha ili zitolewe nje, hukua, na seli hiyo moja huweza kutoa maelfu ya molekuli za kingamwili (protini zinazomnasa adui) kwa sekunde. Kwangu mimi, hakuna mfano unaoonyesha kazi ya oganeli hizo mbili waziwazi kuliko huu.

Eosinofili hubeba chembechembe zenye protini zinazodhuru minyoo, na hivyo idadi yake huweza kupanda kwa mgonjwa wa kichocho, na pia kwa mwenye pumu au mzio. Basofili, ambayo kwa kawaida haifiki asilimia 1 ya seli nyeupe, hubeba histamini, kemikali inayochochea dalili za mzio. Monosaiti hutoka kwenye damu, huingia katika tishu na kuwa makrofaji, mlaji mkubwa mwenye laisosomu nyingi.

Mtakapoangalia maabara slaidi ya damu iliyopakwa rangi, anza na kiini: cha vipande kadhaa ni cha neutrofili, cha vipande viwili katikati ya chembechembe nyekundu ni cha eosinofili, cha duara kinachojaza seli ni cha limfosaiti, na chenye umbo la figo, katika seli kubwa kuliko nyingine, ni cha monosaiti. Basofili huenda usiione kabisa, kwa jinsi ilivyo adimu.